Jina la Mkwe Halitamkwi

Jina langu sitaliandika hapa. Najua ni kichekesho mtu kukaa chini aandike habari za majina halafu asitaje hata moja, tena mtu mwenyewe mwalimu, ambaye kila asubuhi ya kazi kwa miaka zaidi ya thelathini ameianza kwa kuita majina. Lakini yuko mtu mmoja ambaye hajawahi kulitamka jina hilo tangu siku nilipozaliwa, na mwaka jana alinizungusha Same nzima kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya mzunguko ule, nikiliandika hapa nitakuwa nimemsaliti. Mtu huyo ni mama yangu mzazi.

Kwetu Upareni mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba yake. Hakuna mjadala, hakuna kukaa vikao. Bibi yupo, jina lipo, mtoto analirithi akiwa bado tumboni. Utaratibu mzuri, unaokoa muda. Kasoro yake ni moja tu: mwanamke aliyeolewa, kwa watu wa ukoo wetu wanaoshika mila, hatamki jina la mama mkwe wake. Sasa fikiri mwenyewe. Mwanamke anabeba mimba miezi tisa, anazaa, mtoto anapewa jina, na jina lenyewe mama haruhusiwi kulitia mdomoni. Nadhani waliopanga hivyo walikuwa wanaume, maana wao hawakuwa na kazi ya kuita watoto waje kula.

Wanawake wengi wa rika la mama walilegeza kamba mapema. Walitamka kwa kunong'ona, au walilikata jina nusu, wakaendelea na maisha. Mama yangu, ng'o. Aliniita Mkwe. Kule kijijini kwetu Mhezi, milimani, jioni ukungu ukishuka, akina mama walikuwa wanaita binti zao kutoka mteremko mmoja hadi mwingine, kila jina linakwenda kwa mwenyewe. Mama yangu alisimama kwenye migomba akaita, "Mkwe! Mkwe ee!" na watoto wote wa kijiji wakacheka kwa niaba yangu. Asubuhi ilikuwa mbaya zaidi. Nikitoka nje na tongotongo zangu, mtoto wa miaka mitano, mama alikuwa akiinama kidogo na kunisalimia, "Shikamoo, mkwe." Shangazi zangu walikufa kwa kicheko. Walikuwa wakinihimiza nijibu marahaba, na mimi sikujibu hata mara moja. Niliona ananifanyia mchezo. Nilipofika darasa la tatu nilimwambia aache, akaacha.

Niseme wazi kilichokuwa moyoni, maana sasa nina umri wa kukisema. Nilidhani hanipendi. Wadogo zangu aliwaita kwa majina yao siku nzima, kwa upole na kwa ukali, na kila aliyeitwa alikuwa mtu. Mimi nilikuwa cheo.

Kazi nayo haikunisaidia kuyapenda majina. Nafundisha shule ya msingi hapa Same mjini, na daftari langu la mahudhurio ni mkutano wa makabila. Watoto wa milimani, Walutheri, wana majina yenye sala nzima ndani yake: Mungu amenipenda, Mungu amenisikia, nimepewa na Mungu. Ukiyaita arobaini mfululizo, kipindi cha hesabu kimekwisha. Watoto wa Kimasai kutoka tambarare wana jina la nyumbani ambalo mwalimu haambiwi, na jina la shule ambalo mtoto mwenyewe halikumbuki. Pacha wa watu wa kanda ya ziwa, wale ambao wazazi wao walikuja kukata mkonge, majina yao yanajulikana kabla hawajazaliwa, na anayezaliwa nyuma yao naye la kwake linamsubiri mlangoni. Yuko msichana mmoja ambaye jina lake ni malalamiko ya mama yake dhidi ya majirani. Kila nikimwita asimame, ni kama nawasuta majirani wale kwa niaba ya mtu nisiyemjua.

Mwaka mmoja mvulana ambaye kwao ni kusini alikwenda likizo ya Desemba, akapitishwa jandoni, akarudi Januari na jina jipya. Nikaita la zamani, kimya. Nikaita tena huku namwangalia usoni. Akaniambia kwa adabu kwamba huyo ninayemwita alibaki porini, hatarudi. Nikamwandikia baba yake barua ndefu yenye hasira. Baba akanijibu kwa heshima zote kwamba mtoto amesema kweli, na akaniomba nisahihishe daftari. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaibonyeza mpaka karatasi ikachanika.

Na hawa wazazi wa siku hizi wanaotafuta majina kwenye simu ndio wananimaliza kabisa. Baba mmoja kijana alinieleza kwamba jina la mwanawe maana yake ni nuru ya alfajiri kwa Kigiriki. Nikamuuliza kama kwao kuna Mgiriki. Akasema hapana, mwalimu, ila lina maana nzuri. Mtoto huyo mwenyewe hafiki shule kabla ya saa tatu.

Nasema haya yote ili ujue kwamba mtu wa kumpa mtihani wa majina hakuwa mimi. Lakini nilipewa, na ulitungwa siku niliyozaliwa.

Nilizaliwa kwenye zahanati ya misheni, chini kidogo ya kijiji. Baba alikuwa tambarare akifanya kazi. Aliyemsindikiza mama alikuwa bibi, yaani huyo mkwe mwenye jina lenyewe. Nimeshatoka, nimefutwa, muuguzi akaja na karatasi akauliza jina la mtoto. Bibi alikuwa nje anapika uji kwenye mafiga. Mama akasema, la bibi yake. Muuguzi akauliza bibi yake anaitwa nani. Mama akanyamaza. Muuguzi, ambaye hakuwa mtu wa Upareni, alitoka huko Nyasa na hakujua ameuliza nini, akauliza mara ya pili na ya tatu, huku wanawake wengine wakiwa kwenye foleni. Mama akavuta khanga akajifunika mdomo. Basi muuguzi akasema mtoto hatoki pale bila jina, akaandika la kwake mwenyewe.

Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni, na kila aliyeisimulia alicheka. Baba aliporudi aliniita jina la mama yake, wakanibatiza kwa hilo, nikasoma kwa hilo, nikaajiriwa kwa hilo, kitambulisho changu cha taifa kina hilo. Ile karatasi ya zahanati baba aliitumia miaka ya baadaye kunikatia cheti cha kuzaliwa. Karani alinakili kilichokuwepo, baba akakipokea bila kukisoma, akakitia kwenye sanduku la bati. Hicho kikawa cheti changu: jina la muuguzi wa Nyasa, ambalo hata maana yake sijawahi kuijua, na chini yake majina ya wazazi wangu, sahihi kabisa, bila kosa.

Kisha mama akaanza kupoteza macho.

Ilianza kidogo kidogo. Aliweka chumvi mara mbili kwenye makande. Alichambua maharage kwa kupapasa na kusema anafanya hivyo kwa mazoea. Mwaka juzi nilipopanda Mhezi kumtembelea nilimkuta anaamkia koti la mdogo wangu lililotundikwa kwenye nguzo ya baraza, anangoja liitikie. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Nikamteremsha Same kwa daktari. Daktari akasema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na umekomaa. Akasema unatolewa, ni upasuaji mdogo, ila tusikawie.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na mtumishi anaweza kumwandikisha mzazi wake kwenye bima yake ya afya. Kilichotakiwa ni cheti changu cha kuzaliwa, kionyeshe kwamba mimi ni mtoto wa mama huyu. Nikapanda tena Mhezi, nikafungua sanduku la bati, nikateremka na cheti mkobani. Nililijua kosa lililomo. Nilidhani watu wataelewa.

Kijana wa dirishani, kwenye ofisi ya bima, alikiweka cheti kando ya kitambulisho changu, akaangalia huku, akaangalia kule. Akaniambia kwamba kwa mujibu wa cheti hiki, bibi huyu ana binti, ila binti mwenyewe si mimi. Nikamwambia ni mimi. Akasema yeye haoni jina langu. Nikamsimulia habari ya muuguzi na uji na mila ya mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto mzuri, mwenye adabu, kisha akauliza kama huyo dada yangu yuko hai, ili aje yeye amwandikishe mama.

Nilitoka pale nikiwa nimepandwa na hasira kiasi cha kusahau mwavuli.

Njia ikawa moja: kiapo mbele ya wakili, kwamba mtu wa kwenye cheti na mtu wa kwenye kitambulisho ni mmoja, kisha kiapo kiende kusahihisha cheti, kisha cheti kirudi kwa yule kijana. Kiapo aape mtu mzima aliyekuwepo nilipozaliwa na anayejua jina langu la kweli. Baba amekufa. Bibi amekufa. Yule muuguzi, Mungu ndiye anajua aliko. Aliyebaki ni mama.

Wakili mwenyewe alikuwa kijana, amefungua ofisi karibu na stendi, fundi cherehani upande huu, duka la vifaa vya umeme upande ule. Alimwamkia mama vizuri, akamkalisha. Akaeleza kwamba kwa kuwa bibi haoni kusoma, hawezi kutia dole gumba kwenye maneno asiyoyaona. Itabidi aulizwe, naye ajibu kwa kinywa chake, ndipo wakili aandike. Nilipoyasikia hayo nilimtazama mama mdomoni. Kumbe nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Akamuuliza huyu aliyekaa hapa ni nani wake. Mama akasema ni mwanangu wa kwanza. Akamuuliza anaitwa nani.

"La bibi yake," mama akasema.

Wakili akatabasamu. Akauliza bibi yake aliitwa nani. Na mama, nakuapia, akavuta khanga akajifunika mdomo, akageukia ukutani. Miaka hamsini na saba imepita, na mimi bado niko kwenye zahanati ile, nimefungwa kitambaa, nasubiri watu wazima wamalizane.

Nilimbembeleza. Nilimwambia alinong'one tu. Nilimwambia wakili ataziba masikio nusu. Nilimwambia atamke herufi moja moja, akasema herufi zikikusanyika si ni lile lile. Wakili aliangalia saa yake mara mbili, akasema tunaweza kurudi siku nyingine bibi akiwa tayari. Nilimshika mama mkono tukatoka, nikamkalisha kwenye benchi la fundi cherehani, na pale, mbele ya fundi na wateja wake, mwalimu mzima nilipandisha sauti.

"Mama, unataka kuwa kipofu kwa ajili ya mtu aliyekufa?"

"Heshima si utumwa," akasema.

Nikamwambia hiyo methali inasemwa na watu wenye macho. Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki. Nikamwambia, mwisho, lile ambalo sikupanga kulisema, kwamba maisha yangu yote nimengoja aniite jina langu mara moja, na sasa serikali nayo inangoja, na hata hapo ameshindwa.

Cherehani ilikuwa inakwenda, ikasimama, maana fundi naye alikuwa anasikiliza. Kisha mama akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye hadithi ile ya kuchekesha. Alisema siku ile uchungu ulimshika njiani kabla hawajafika, na mto ulikuwa umejaa. Bibi alikuwa na umri kama wangu mimi sasa, na hakuwa mtu mnene. Alimbeba mama mgongoni, na tumbo lile, akavuka naye maji yakimfika kiunoni, anaimba wimbo wa kanisani ili mama asisikie maji. Walipofika ng'ambo bibi alimtua, akatema mate, akasema twende.

"Nilikuwa mke wa miezi kumi. Nilikuwa sina kitu," mama akasema. "Nikasema moyoni, huyu jina lake halitanitoka mdomoni mpaka nife. Ndicho nilichompa."

Ungedhani nililainika. Sikulainika. Nilikasirika zaidi, maana sasa alikuwa na sababu, na mtu mwenye sababu hashindiki. Nilimpeleka nyumbani kwangu, nikamwekea chai, nikaenda kulala mapema bila kula.

Sasa nyumbani kwangu kuna mtu mwingine wa kueleza, mke wa mwanangu. Wanakaa nyumba ya uani. Ni msichana mzuri, mchapakazi, wazazi wake walitoka kanda ya ziwa kuja kwenye mkonge akiwa mdogo. Wamezaa binti, na kwa utaratibu wetu binti akapewa jina la mama wa baba yake. Yaani langu. Ana miaka mitatu. Na huyu mama yake hana mila ya kunyamaza. Jina langu linapigiwa kelele uani kuanzia jua linapochomoza: weka chini hiyo ndoo, toa kidole puani, umejikojolea tena, nani kakwambia ule udongo? Kila mara mbele au nyuma ya maneno hayo ni mimi. Siku za mwanzo nilikuwa nikitoka mbio na chaki mkononi kuuliza nimefanya nini.

Niliwahi kumwuliza kwa upole kama kwao hakuna heshima ya jina la mkwe. Akashangaa. Akasema kwao kwenye ukoo wake jina la mkwe unaliita kwa nguvu zako zote, maana jina lisipoitwa linakonda. Siku ile ile alimpiga mtoto kofi la matako akiwa analitaja, na mimi ndani nikajishika matako.

Basi asubuhi iliyofuata ugomvi wa kule kwa wakili, nimekaa na mama jikoni, hatusemeshani. Huko uani kelele zikaanza: jina langu, halafu "mjinga wewe, umemwaga maziwa yote." Niliinuka na kusonya. Nikasema kwa sauti kwamba nimechoka, kwamba hilo ni jina la mtu, kuna mtu alivuka mto nalo, si la kumwagiwa maziwa. Ndipo nikayasikia niliyoyasema. Mama alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, hanioni, ila uso alikuwa ameuelekeza kwangu.

Alikunywa chai yake yote kwanza. Kisha akaniambia nimpeleke tena kwa yule kijana, na tumchukue mtoto. Nikamuuliza mtoto wa nini kwa wakili. Akasema, wewe mchukue tu.

Mke wa mwanangu alimvalisha gauni la Pasaka na soksi, mama akamshika mkono, yaani mtoto ndiye aliyemshika bibi kizaa bibi asianguke. Tulipoingia, wakili alinitazama mimi kwa macho ya mtu anayehesabu wateja waliobaki nje. Akaanza upya kwa subira: bibi, huyu mwalimu ni nani wako? Mwanangu wa kwanza. Anaitwa nani?

Mama akampapasa mtoto kichwani, akamsogeza mbele ya meza.

"Muulize huyu jina lake."

Wakili akamuuliza. Mtoto huyu, ambaye jina lake amelisikia mara mia kwa siku na maziwa na mikojo, alisimama wima, akalitoa lote kwa sauti ya kuitwa uani, jina lake na la baba yake, akamalizia na miaka yake kwa vidole vitatu.

"Umesikia?" mama akasema. "Hilo la kwanza. Mwalimu huyu ndiye aliyetangulia kupewa, huyu mdogo amelipata kwake. Na lile la kwenye cheti ni la muuguzi, alijiandika mwenyewe kwa kuwa mimi nilinyamaza. Mtu ni mmoja. Naapa."

Wakili alishika kalamu bila kuandika. Niliona anapima: mafunzo yake upande huu, bibi huyu upande ule. Akamuuliza mama kama amelisikia jina lilivyotajwa mbele yake na kama ndilo lenyewe. Mama akasema ndilo. Akaandika kwamba bibi amelitambua jina lilipotajwa mbele yake. Mama akatia dole gumba. Mtoto akataka naye atie, akatiwa wino, akalipiga dole kwenye karatasi chafu, wino uliobaki akaupaka kwenye gauni la Pasaka. Tulipofika nyumbani jina langu liliitwa kwa muda mrefu.

Usidhani mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Kiapo kilikwenda, kikarudi kwa kukosa muhuri, kikaenda tena. Cheti kipya kilichukua wiki nyingi. Yule kijana wa dirishani alipokiona akanipongeza, akauliza kwa huruma kama yule dada ndiyo basi tena. Nilimwambia amebaki porini.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Kesho yake asubuhi nilikuwepo, nimeketi kando ya kitanda na chupa ya uji, wakati muuguzi alipokuja kufungua bandeji. Alimfuta kwa pamba, akamwambia afungue jicho bila haraka. Mama alipepesa, machozi yakamtoka. Akatazama dirisha. Akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaguna kwa ilivyozeeka. Kisha akanigeukia.

Alikuwa hajaniona sawasawa kwa miaka minne au mitano. Katika miaka hiyo nywele zangu zimekuwa nyeupe kabisa, nimekonda, mashavu yameshuka. Nyumbani tuna picha moja tu ya bibi, na watu wote wanaoiona wananiangalia mara mbili. Mama alinitazama mpaka nikaanza kurekebisha kilemba.

Halafu akateremsha miguu chini. Nikamwambia akae, daktari amemkataza kuinama. Hakunisikiliza, lini amewahi? Alisimama akishika kitanda, akakunja goti kidogo, na hakukuwa na shangazi wala kicheko.

"Shikamoo," akasema.

Muuguzi akacheka, akidhani dawa haijamtoka kichwani. Mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia, kwamba atatonesha jicho, kwamba sakafu ni ya baridi, kwamba mimi ni mwanawe. Nilimshika mkono ili asianguke.

"Marahaba," nikamjibu.